Utepe wa Mzee Ambindwile

Mwenyekiti Anyosisye alipotangaza kwamba kiwanja cha Bi Mwantum kinatakiwa na kijiji, hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza habari za mvua. Kila kijiji kilitakiwa kuwa na duka lake la ujamaa, duka linataka barabara, na pale Kisondela hapakuwa na mahali palipokaa vizuri barabarani kuliko nyumba ya yule mjane, yenye kibaraza ambacho marehemu mumewe Athuman alikitumia kuuzia chumvi, viberiti na kanga. Bi Mwantum angepewa sehemu nyingine kule bondeni, karibu na shamba la pamoja la chai. Watu waliokaa kwenye nyasi mbele ya ofisi walitazamana. Bondeni kulikuwa na matope mwaka mzima, kila mtu alilijua hilo, na mwenyekiti naye alilijua.

Mzee Ackson alisimama kutia nguvu. Yeye ni mdogo wa marehemu mzee Ambindwile, aliyekuwa na ardhi yote ya upande ule, na tangu kaka yake afariki amezoea kusema kwa niaba ya ukoo hata pale ukoo haujamtuma. Alisema Athuman alikuja mgeni na mzigo wa chumvi, akaazimwa mahali pa kulaza mbavu. Sasa Athuman amekufa, kilichoazimwa kimerudi, na ukoo umekitoa kwa kijiji kwa moyo mweupe. Bi Mwantum akainuka, akajifunga vizuri ushungi wake, akasema mumewe alipewa, hakuazimwa. Akaulizwa shahidi wake nani. Akamtaja mzee Ambindwile, na watu wakacheka kidogo kwa chini, maana mzee alikuwa kaburini.

Hapo ndipo Nsajigwa, mtoto wa mzee, alipoinuka. Wakati kiwanja kinatolewa yeye alikuwa mbali, migodini, kwa hiyo hakuwa na la kushuhudia. Lakini alikuwa na kitu kingine, na alikitaja kwa majivuno ambayo mkewe aliyatambua hata kabla hajafungua kinywa.

"Ndugu Mwenyekiti, shahidi yupo," alisema. "Baba aliyasema yote haya mwenyewe kwenye mashine ya kunasa sauti. Utepe ninao nyumbani. Nipeni mpaka mkutano ujao, mtamsikia kwa masikio yenu."

Wazee walinong'ona, vijana wakapiga makofi, na mwenyekiti, aliyekuwa mtu wa haki pale haki isipomchelewesha, akakubali. Bi Mwantum aliinua mikono kumshukuru Mungu. Ni Veronika tu, mke wa Nsajigwa, aliyeinamisha kichwa kati ya wanawake wenzake na kuanza kung'oa nyasi.

Mashine yenyewe ilikuwa na historia fupi. Mzungu mmoja wa mashamba ya chai alipofunga virago kurudi kwao, aliuza vyombo vyake uani, na Nsajigwa alikwenda kutazama, akamchukua baba yake. Palikuwa na mashine mbili za kunasa sauti. Moja ilitumia tepu za magurudumu, kama zile za misheni na za ofisi ya habari. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kijivu, ya kazi za ofisini, na badala ya magurudumu ilikula utepe mpana ulioungwa ncha zake, kama mshipi wa mtoto. Mzungu aliisifu hiyo ya pili kwamba utepe wake hausomwi na mashine nyingine yoyote duniani isipokuwa ya kampuni ile ile. Nsajigwa alipomtafsiria baba yake, mzee aliigusa ile ya kijivu kwa fimbo. Akasema hiyo ndiyo.

Mtu wa mbali angeshangaa, lakini Mnyakyusa wa rika lake asingeshangaa. Mzee alikuwa na wakwe, wake za wanawe, na mkwe humkwepa baba mkwe wake maisha yote. Hamtazami, hapiti mbele yake, hatamki jina lake, na akimsikia anakuja huacha njia na kujificha migombani mpaka apite. Heshima hiyo huitwa ukutila, na mzee Ambindwile hakuwa na mchezo nayo. Aliwaza kwamba sauti yake ikiwekwa kwenye tepu ya kawaida, siku moja mlevi mmoja ataichukua na kuipiga klabuni au sokoni Tukuyu, na wakwe zake watatupa vikapu wakimbie ovyo mbele za watu. Afadhali sauti yenye nyumba moja. Na kuandika hakutaka kabisa. Karatasi, alisema, husema kwa sauti ya anayeisoma.

Basi siku aliyoichagua alikuja nyumbani kwa mwanawe, akaonyeshwa kitufe cha kuwashia na cha kuzimia, kisha akamwamuru Nsajigwa atoke aende hata kisimani. Maneno yale ya viwanja alivyovigawa, alisema, yasisikilizwe mpaka siku watakapogombana. Alipofariki hakukuwa na ugomvi, na Nsajigwa, mtoto mtiifu, aliifunga mashine kwenye kitambaa na kuiweka juu ya kabati. Aliacha betri ndani yake ili siku ya haja iwe tayari.

Walipotoka mkutanoni aliishusha na kuifungua. Betri zilikuwa zimevuja. Uchafu mweupe na wa kijani ulikuwa umetambaa mpaka kwenye nyaya, na mpira wa kuzungushia utepe ulikuwa umeyeyuka na kuwa kama utomvu wa fenesi. Nsajigwa aliugusa kwa kidole, akasema si neno, mafundi wapo.

*

Fundi alikuwa Jaffari, pale Msasani mjini Tukuyu, mtu mwembamba aliyekaa katikati ya redio zilizofunguliwa matumbo. Nsajigwa alimwomba Veronika afuatane naye, aibebe mashine kwenye kikapu chenye majani makavu ya mgomba ili isitikisike. Jaffari aliifungua, akapuliza, akakwangua kwa bisibisi, akaweka waya hapa na pale. Mwishowe aliifunika kwa upole, na Veronika akajua jibu kabla ya mumewe.

"Kaka, ungeniletea tepu ya kawaida ningekuchezea hapa hapa ukiwa umesimama," Jaffari alisema. "Hata mashine yako ingekuwa imekufa, ningechukua ya jirani. Wenye tepu zile walikaa wakapatana: upana huu, mwendo huu, kila mtu atengeneze mashine yake lakini zote zielewane. Hawa wa kwako hawakutaka kupatana na mtu. Kichwa chake chenyewe, mpira wake wenyewe, mwendo wake wenyewe."

"Si utafute spea."

"Kwa nani? Kampuni imeacha kuzitengeneza. Wakala wa Dar es Salaam alishafunga. Na huu utepe ni mzima, tazama, hauna hata mkwaruzo. Sauti ya mzee imo humu. Ila mlango wake ulikuwa mmoja, na umeanguka."

Nsajigwa aliugeuza utepe mkononi. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayejiuliza mwenyewe, ni mjinga gani atakayetengeneza kitu cha kutunza maneno halafu akatengeneza na ufunguo mmoja tu. Jaffari hakujibu, kwa adabu. Alijua vizuri kwamba kuna mjinga wa kutengeneza na kuna mwenzake wa kununua, na wa pili alikuwa mbele yake.

Wiki hiyo yote Nsajigwa alihangaika. Alikwenda misheni, wakamwonyesha mashine yao ya magurudumu. Alidandia lori mpaka Mbeya, akaingia ofisi moja aliyosikia ina mashine za kuandikishia barua kwa sauti, na karani mmoja akamweka kwenye benchi tangu asubuhi, kisha akaja kumwambia kwamba za kwao zinatumia sahani, kama za santuri, si utepe. Karani mwingine alitaka kujua kama mzee anaimba. Aliporudi Kisondela watoto walishaanza kumtania njiani, wakimwuliza kama baba ameongea. Aliwapita bila kuwagombeza, na hilo lilimuumiza Veronika kuliko kama angewatandika.

*

Maana Veronika alijua karibu kila neno lililokuwa kwenye utepe ule.

Siku ile mzee alipokuja, yeye alikuwa kwenye chumba cha ndani cha akiba, amekaa chini na ungo wa maharage. Nsajigwa alidhani mkewe yuko mtoni. Chumba hakikuwa na mlango mwingine, ila ule wa kupitia sebuleni, na sebuleni ndiko mzee alikokaa. Kutoka kungekuwa kupita mbele ya uso wake. Kukohoa kungekuwa kumtangazia kwamba mkwe yuko hapa, kwa hiyo ainuke yeye aondoke, na mzee alikuwa na miguu mibovu. Basi alijifunika kitenge kichwani akaketi. Sauti ilipita kwenye ukuta wa matete kama hakuna ukuta. Hakuwahi kuuona uso wa mkwe wake kwa kuutazama, lakini kwa muda ule alimsikia kuliko watoto wake walivyowahi kumsikia.

Hakumwambia mtu. Kwanza ilikuwa aibu. Pili, mwisho kabisa mzee alisema neno moja ambalo Veronika hakupenda hata kulikumbuka, kwa sababu kulikumbuka kulimfanya ajione amemvunjia heshima mzee, na mzee kaivunja mwenyewe. Aliwaza kwamba utepe upo, utasema siku yake ikifika, na yeye atasimama mbali migombani asisikie, kama mkwe mwenye adabu.

Siku moja kabla ya mkutano alikwenda kwa Bi Mwantum kupeleka ndizi. Alimkuta anafungua ubao wa kibaraza, ule ambao Athuman alikuwa akipanga chumvi juu yake. Vyombo vilikuwa vimefungwa kwenye shuka. Bi Mwantum alimkaribisha, akamfutia kigoda, akaomba radhi kwamba birika limeshafungwa.

"Bi mkubwa, mbona mapema hivyo? Mkutano ni kesho."

"Mwanangu, mtu akija kukutoa akakuta umeshajitoa, huoni aibu mara mbili." Bi Mwantum aliuegemeza ubao ukutani. "Mumeo amehangaika sana kwa ajili yangu. Mwambie namshukuru. Ndaga fijo, kama mnavyosema. Na mwambie Athuman hakuwa mwongo. Siku alipomfunga mama mkwe wako kwenye baiskeli kwa kanga, akamsukuma mpaka hospitali, hakuomba kitu. Kiwanja alipewa baadaye, mama alipopona. Basi, mwambie tu hivyo."

Veronika aliziacha ndizi kibarazani, akaaga. Njiani kurudi alilia waziwazi, akijichukia. Alijiona ni mwizi, maana amekaa juu ya kitu cha mtu huku mwenyewe anakitafuta mpaka Mbeya. Lakini angesimamaje mbele ya kijiji kizima atoe kinywani maneno ya baba mkwe wake? Hata wanawake wenzake wangemcheka. Na Nsajigwa angesemwa ameoa mwanamke asiye na haya.

*

Mkutano ulifunguliwa kwa wimbo na salamu za chama. Nsajigwa aliiweka mashine ya kijivu mezani mbele ya mwenyekiti, akaeleza yote, betri na mpira na kampuni. Alieleza vizuri, lakini maelezo mazuri ya kitu kisichofanya kazi huchosha haraka. Mtu mmoja nyuma alisema waimwagie pombe, huenda imekauka koo. Kicheko kilipiga. Mzee Ackson hakucheka, alitikisa kichwa kwa huruma ya mtu anayeshinda. Mwenyekiti Anyosisye akasema kwamba, ndugu zangu, kijiji hakiwezi kusubiri kampuni ya Ulaya.

Veronika alijikuta amesimama.

"Ndugu Mwenyekiti," alisema, na sauti haikutoka vizuri. Akarudia. "Mimi niliyasikia. Nilikuwa chumba cha akiba, sikuwa na pa kutokea."

Palitulia mpaka akasikika mbuzi aliyefungwa kando ya ofisi akitafuna kamba. Nsajigwa alimgeukia mkewe kama anamwona mara ya kwanza. Mzee Ackson akawahi kusema kwamba mambo gani haya, tangu lini mkwe akabeba maneno ya mkwe wake hadharani, hii ni aibu kwa kaka yangu huko aliko. Wanawake wengine waliinamisha nyuso, na hilo ndilo lililomuuma Veronika. Mwenyekiti alimwuliza maneno hayo ni ya nani, amtaje kwa jina, mwandishi aandike.

Veronika alisimama pale, na jina halikuja. Kwa miaka yote ya ndoa yake ulimi wake haukuwahi kulibeba, na sasa uligoma. Alitazama chini. Watu walianza kusogeasogea.

"Ni mzee Ambindwile," alisema Bi Mwantum, naye akiwa amesimama upande wa pili. "Huyu hawezi kulitaja. Mimi si mkwe wake, nalitaja mimi. Yeye aseme maneno."

Basi ikawa hivyo. Veronika alifumba macho akasema kwa Kinyakyusa, polepole, kama alivyosikia. Kwamba kiwanja cha barabarani, kuanzia mfereji mpaka kwenye mchaichai wa zamani, alimpa Athuman akae yeye na mke wake na watakaowafuata. Kwamba hakumwazima. Kwamba alimpa kwa sababu siku watoto wake mwenyewe walikuwa mbali, mtu wa dini nyingine alimbeba mama yao. Alifika mahali akasimama, akasema hapa katikati hakusikia, maharage yalimmwagika akawa anayazuia kwa mikono, kwa hiyo hatasema asichokisikia. Kisha akaendelea.

"Akasema siku ya kumpa, Athuman alichinja mbuzi. Na mdogo wake alikuwapo, akala mguu mzima, halafu akalalamika kwamba mbuzi wa Waislamu ametolewa damu mpaka amekuwa mkavu."

Kicheko cha safari hii kilikuwa cha aina nyingine, na macho yote yalimwendea mzee Ackson. Wengi walikuwa wamelisikia lalamiko lile kutoka kinywani mwake, kwenye misiba na harusi, ingawa hakuwahi kusema mbuzi yule alichinjwa kwa sababu gani. Mzee Ackson alikohoa. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Alikuwa mkavu kweli," alisema, akaketi.

Mwenyekiti Anyosisye alisubiri kicheko kiishe, akamwambia mwandishi afute neno bondeni. Duka la kijiji, alisema, litajengwa karibu na ofisi, watu watembee kidogo, kutembea ni afya.

*

Nsajigwa alitangulia njiani, mashine kwapani, na Veronika alimfuata kwa nyuma. Alijua amemfedhehesha mara mbili, kwa kusikia na kwa kunyamaza. Walipofika, mumewe aliiweka mashine mezani, akakaa kwenye kiti kile kile baba yake alichokalia, akatazama ukuta wa matete wa chumba cha akiba.

"Mama Lusungu, niliteseka mpaka Mbeya," alisema mwishowe.

"Najua. Nisamehe."

"Na siku zote hizo wewe ulikuwa hapo jikoni unapika."

"Niliogopa, Baba Lusungu. Niliogopa kwamba utanidharau, na watu watamdharau mzee."

Nsajigwa alitingisha kichwa, si kwa hasira. Alisema hamdharau. Alisema kinachomuuma ni kingine: ameanza kuisahau sauti ya baba yake. Uso anaukumbuka, fimbo anaikumbuka, ila sauti inamtoka kidogokidogo, na aliposikia utepe ni mzima alidhani ataipata tena. Halafu akamwomba amweleze, si maneno tu, jinsi yalivyosemwa.

Veronika aliingia chumba cha akiba, akaketi pale pale, nyuma ya matete, kwa kuwa asingeweza kufanya hivyo wakitazamana. Akaanza upya. Safari hii aliweka na pumzi za mzee, na kikohozi chake, na mahali aliposita akitafuta neno, na kale kacheko alikotoa alipofika kwa mbuzi. Alipomaliza alimsikia mumewe akijipangusa pua.

"Ndiyo mwisho?"

"Mwisho wa mashine." Akashusha sauti. "Kuna neno moja sikulisema mkutanoni, wala sitalisema tena kwa mtu. Alibonyeza kitufe, nikasikia kimelia. Alishazima. Akainuka kwa shida, akachukua fimbo yake, akasimama kama anasema na ukuta."

"Akasema nini?"

"Akasema: 'Unayechambua maharage humo ndani, siku hii mashine ikiharibika, utawaambia wewe.'"

Nsajigwa aliigeukia mashine. Alinyoosha mkono, akaugusa ule utepe mzima usio na mkwaruzo, kisha akaufunika na kitambaa chake. Kwa utepe huo alikuwa amehangaika mpaka Mbeya, na neno hilo halikuwamo.

"Lusungu," alimwita binti yao aliyekuwa akicheza uani. "Njoo ukae hapa na mama. Kuna maneno ya babu yako."